Kurudi Barabarani kwa Pikipiki Baada ya Upasuaji wa Mgongo

Ndugu wasomaji wa Gitega, Karuzi na Muyinga, nanyi majirani zetu wa ng'ambo ya Kobero katika wilaya ya Ngara, somo la toleo hili linamhusu mtu ambaye tunakutana naye barabarani mara kwa mara bila kumtambua. Amevaa kofia ngumu, ambayo wengi wetu huiita kasike, kama wavaavyo wenzake. Leseni yake ni halali, bima yake haijaisha, na pikipiki yake haina kasoro yoyote. Kasoro ipo mahali ambapo askari hawezi kuikagua: chini ya koti lake kuna kovu la upasuaji wa mgongo ambalo halijatimiza hata miezi miwili. Amerudi kazini kwa sababu mwenye pikipiki anadai hesabu ya kila siku, kwa sababu deni la matibabu halijalipwa, na kwa sababu watoto hula kila siku, baba awe mzima au mgonjwa.

Hatuandiki ili kumhukumu. Tunaandika kwa sababu mtu huyu akirudi kabla ya wakati wake huhatarisha mambo mawili kwa pamoja: mgongo alioutafutia tiba kwa gharama kubwa, na uhai wa abiria anayeketi nyuma ya mgongo huo. Mkataba wa kimataifa wa usafiri barabarani uliofikiwa Vienna mwaka 1968 unasema katika ibara yake ya 8 kwamba kila dereva anapaswa kuwa na uwezo wa mwili na wa akili unaohitajika, na kuwa katika hali inayofaa kuendesha. Ibara hiyo haitaji ugonjwa wala upasuaji wowote kwa jina. Haimkatazi aliyepasuliwa mgongo kurudi kwenye pikipiki, na kwa hakika wengi hurudi na kuendesha kwa miaka mingi. Inachodai ni uwezo. Basi swali ambalo kila mmoja hutuuliza, yaani "nirudi baada ya wiki ngapi?", lina upungufu ndani yake, kwa kuwa linatafuta tarehe mahali ambapo panatakiwa kipimo.

Kovu la nje na jeraha la ndani

Ngozi ya mgongo hufunga upesi. Kwa kawaida baada ya wiki mbili nyuzi huondolewa, na mgonjwa akijitazama huona amepona. Hapo ndipo wengi hudanganyika, kwa maana kazi iliyofanyika ndani haifuati kalenda ya ngozi.

Ni vyema kwanza mtu ajue alifanyiwa nini. Uti wa mgongo umejengwa kwa pingili zilizopangwa moja juu ya nyingine, na katikati ya pingili na pingili kuna diski, kisahani chenye ukuta mgumu na kiini laini ndani yake. Diski ikipasuka, kiini husogea nje na kuubana mshipa wa fahamu uendao mguuni. Ndiyo maana mtu mwenye ugonjwa wa kiuno hulalamika kwamba mguu unawaka moto hadi kwenye kidole. Upasuaji ulio wa kawaida zaidi ni kuondoa kile kipande kinachobana. Upasuaji mwingine hupanua njia ya mishipa kwa kupunguza mfupa. Wa tatu, ulio mkubwa kuliko hiyo miwili, huunganisha pingili mbili au zaidi kwa skrubu na vyuma, huku mfupa ukipandikizwa ili pingili hizo ziote pamoja na kuwa kitu kimoja.

Aliyeondolewa kipande cha diski mara nyingi huruhusiwa kazi nyepesi kati ya wiki ya pili na ya sita, lakini huzuiwa kuinama, kujisokota na kunyanyua vitu vizito kwa muda ulio mrefu zaidi, mara nyingi hadi wiki 12. Sababu ni kwamba ule ukuta wa diski uliopasuka haurudii uimara wake kwa siku chache. Katika kila wagonjwa 100, kati ya 5 na 15 hupata mpasuko tena mahali pale pale. Aliyeunganishwa pingili hungoja zaidi: mfupa huchukua miezi 3 hadi 6 kushikana vizuri, na kwa wengine hufika mwaka. Skrubu hazikuwekwa ili zibebe mzigo milele. Kazi yake ni kushikilia mpaka mfupa uote, na mfupa usipoota, chuma huchoka na kulegea. Mvutaji wa sigara ajue kwamba tumbaku huchelewesha kuota kwa mfupa huo, na wapasuaji wengi hutaka aiache kabla hata ya kuingia chumba cha upasuaji.

Kuhusu pikipiki hasa, wapasuaji hutofautiana, na neno la yule aliyekupasua lina uzito kuliko neno la jarida. Kwa jumla, wanaozungumzia diski hutaja miezi kadhaa wala si wiki kadhaa, na wanaozungumzia kuunganishwa pingili hutaka kwanza picha ya eksirei ionyeshe kwamba mfupa umeshikana. Mgonjwa amwambie daktari waziwazi kazi yake. Akisema tu "ninaendesha", daktari huweza kudhani ni gari lenye kiti cha kuegemea, wala asifikirie siti nyembamba juu ya barabara ya mawe, abiria nyuma na gunia la unga juu ya tangi.

Uzito huo si jambo la kufikirika. Mwaka 1999 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ulm, Ujerumani, walichapisha vipimo walivyovipata kwa kuweka chombo kidogo ndani ya diski ya mtu aliye hai na kusoma shinikizo alipokuwa akifanya kazi za kila siku. Aliposimama wima, kipimo kilikuwa 0.5. Alipoinama kwa mgongo uliopinda na kunyanyua kilo 20, kilipanda hadi 2.3, yaani zaidi ya mara nne. Alipoushika mzigo wa uzito huo karibu na kifua, kilikuwa 1.1. Alikuwa mtu mmoja tu, na migongo hutofautiana, lakini mpangilio wa namba hizo unafahamika kwa kila aliyewahi kubeba. Sasa tufikirie jerikeni ya lita 20 za petroli, ambayo ina zaidi ya kilo 14 za mafuta matupu. Tufikirie pia pikipiki ya kawaida ya kubebea abiria, ambayo huzidi kilo 100, ikiwa imelala kando ya barabara na mwenyewe anataka kuiinua kabla watu hawajamcheka.

Katika miezi hiyo ya mwanzo, pikipiki ikianguka na iachwe chini mpaka mtu mwingine afike. Hakuna aibu katika jambo hilo. Kuipandisha kwenye stendi ya kati nako ni kuinua, na kupiga kiki ya injini iliyopoa ni kuusokota mgongo kwa ghafla juu ya mguu mmoja. Yeyote mwenye pikipiki ya kuwasha kwa kitufe aitumie hivyo na kuhakikisha betri ni nzima. Na foleni za mafuta, ambazo katika miaka hii zimewafanya wengi kusukuma pikipiki kwa mkono hatua kwa hatua, kuanzia usiku hadi mchana wa pili, hazimfai mgonjwa hata kidogo. Amtume ndugu.

Mguu wa kulia ndio breki

Tunafika sasa kwenye jambo ambalo sisi, kama watu wa usalama barabarani, tunalitia maanani kuliko maumivu yenyewe. Mtu mwenye maumivu hujua kwamba anaumwa. Mtu ambaye mguu wake umepoteza nguvu kidogo, au nyayo yake ina ganzi, mara nyingi hajui mpaka siku atakapouhitaji mguu huo.

Sehemu kubwa ya upasuaji wa diski hufanyika mahali pawili pa chini kabisa pa kiuno, na mishipa itokayo hapo ndiyo inayoendesha nyayo na vidole. Mmoja huinua kisigino na kukanyaga, mwingine huinua mbele ya mguu. Upasuaji huondoa kilichokuwa kikibana, lakini mshipa uliobanwa muda mrefu hupona polepole, miezi mingi, na wakati mwingine hauponi wote. Ukumbuke, ndugu msomaji, kwamba juu ya pikipiki mguu wa kulia ndio breki ya nyuma na wa kushoto ndio gia. Mguu wa kulia usiohisi vizuri unaweza kulala juu ya breki bila mwenyewe kutambua, na breki ikapata moto kwenye mteremko mzima. Au utachelewa kuinuka na kuifikia. Aliyezoea kutegemea breki ya mbele peke yake atafanya hivyo kwenye changarawe, na hapo gurudumu la mbele huteleza kabla ya kusimama.

Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, pikipiki hukata karibu mita 17 kwa kila sekunde. Sekunde moja tu ya kuchelewa kwa mguu ni mita hizo 17, na katika mita 17 mtoto aliyekuwa kando ya barabara amekwisha kufika katikati.

Vipimo vya nyumbani ni vyepesi. Mtu avue viatu, atembee hatua kumi kwa visigino, vidole vikiwa juu; kisha hatua kumi kwa ncha za vidole. Asimame kwa mguu mmoja, akishika ukuta kwa kidole tu, ajiinue kwa kisigino mara kumi, halafu afanye hivyo kwa mguu wa pili. Miguu miwili ifanane. Mmoja ukishindwa mapema, arudi kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, asiende stendi. Gitega kina bahati katika hili, kwani ndipo kilipo kituo cha taifa cha vifaa vya viungo na mazoezi ya kurejesha uwezo, na wanaotoka Muyinga huona safari ya huko ni ndefu, lakini ni fupi kuliko kurudi kwenye meza ya upasuaji.

Baada ya hapo, na baada ya ruhusa ya daktari, akae juu ya pikipiki iliyosimama kwenye stendi, injini ikiwa imezimwa, kwa nusu saa. Akanyage breki kwa nguvu zote mara kadhaa. Ageuze shingo na kiwiliwili kutazama nyuma ya bega la kulia na la kushoto. Asimame juu ya vikanyagio na kuketi tena bila kujivuta kwa mikono. Anayeona haya kuwa mchezo wa watoto ajue kwamba rubani wa ndege hukaguliwa zaidi ya hivyo bila kunung'unika. Akifaulu, aende uwanja mtupu, siku ambayo hakuna mechi wala gwaride, na mtu mzima wa kumsindikiza. Huko ajaribu kusimama kwa ghafla kutoka mwendo wa kilomita 30 kwa saa, mara tano au sita. Kesho yake asubuhi ndiyo itakayompa jibu: maumivu ya misuli yanayotulia kwa siku moja ni ya kawaida, lakini maumivu yanayoshuka mguuni, au ganzi mpya, ni amri ya kuacha.

Dawa nazo ni sehemu ya breki. Tramadoli, diazepamu na dawa kadhaa wanazopewa wenye maumivu ya mishipa ya fahamu huleta usingizi na kupunguza wepesi wa mwili. Anayezihitaji ili aweze kuketi juu ya siti hajafikia siku ya kuendesha, na ikiwa amezichanganya na urwarwa au bia yoyote, hilo ni kosa jingine kabisa ambalo hatutalizungumzia kwa upole.

Kuna dalili zisizongoja kesho. Ganzi katikati ya mapaja, pale hasa panapogusa siti ya pikipiki. Kushindwa kukojoa au kushindwa kujizuia. Miguu yote miwili kulegea. Mtu huyo apelekwe hospitali saa ile ile, hata usiku, kwa kuwa mishipa ya chini kabisa imebanwa na kila saa inayopita hupunguza uwezekano wa kupona. Wengi huona haya kulitaja jambo la mkojo mbele ya watu. Wake zetu na mama zetu nyumbani wauliziane bila haya.

Pikipiki ya mtu mmoja

Pikipiki iliyokuwa ikibeba abiria wawili na mzigo, au ile ambayo wenzetu wa Tanzania husema inabeba "mishikaki", imekazwa kwa ajili ya uzito huo. Springi za shokapu za nyuma zimewekwa kwenye ngazi ya juu kabisa, tairi limejazwa upepo hadi likawa kama jiwe. Mtu mmoja akiipanda hivyo, kila shimo hufika mgongoni mwake bila kupunguzwa. Springi zishushwe ngazi, upepo wa tairi urudishwe kwenye kipimo cha kiwanda cha mtu mmoja, usukani ugeuzwe ili viwiko vibaki vimekunjwa kidogo na kiwiliwili kiwe wima. Pochi itoke kwenye mfuko wa nyuma wa suruali. Vioo vyote viwili virudishwe mahali pake; tunajua vingi vimelala nyumbani kabatini, na kwa mwenye mgongo mgumu kioo si pambo.

Kwenye matuta, ambayo upande wetu huitwa dodani, asiketi. Apunguze mwendo, akanyage vikanyagio, akunje magoti na kujiinua kidogo, magoti yafanye kazi ambayo mgongo haupaswi kufanya. Mkanda wa mgongo unaouzwa sokoni hauponyi. Kama daktari ameuagiza, na uvaliwe. Kama hakuuagiza, humfanya mtu ajione mzima kuliko alivyo.

Wiki za kwanza ziwe za lami na za mchana, bila abiria wala mzigo: kutoka Magarama hadi sokoni na kurudi, basi. Safari ya Gitega hadi Muyinga kupitia Karuzi, pamoja na milima na kona zake, ije baadaye sana, na itakapokuja mtu ashuke na kutembea kila baada ya nusu saa. Abiria awe wa mwisho kurudi. Abiria wa kilo 70 anapojisogeza kwenye mlima, wakati pikipiki imesimama na mguu mmoja uko chini, ndiye huangusha pikipiki, hata kama mwendo ni sifuri. Naye avae kofia yake, kwa kuwa uchunguzi uliokusanya tafiti za nchi nyingi umeonyesha kwamba kofia ngumu hupunguza hatari ya kifo kwa takriban asilimia 42 na ya jeraha la kichwa kwa asilimia 69, na kichwa cha nyuma ni kichwa kama cha mbele.

Nani alipe gharama ya kungoja

Haya yote ni rahisi kuandikwa na ofisi inayopata mshahara. Mwendeshaji hana mshahara wa ugonjwa. Kwa hiyo tunawageukia wamiliki wa pikipiki na vyama vya waendeshaji, kwa kuwa bila wao somo hili ni karatasi tu.

Mmiliki anayemlazimisha mgonjwa kurudi baada ya mwezi anaweka chombo chake mwenyewe mikononi mwa mtu asiyeweza kusimamisha. Njia iliyo bora, na ambayo tumeona watu wakiielewa wanapoelezwa, ni kupata mwendeshaji wa muda, yule ambaye ng'ambo huitwa deiwaka, na kukubaliana kwa maandishi mbele ya kiongozi wa chama kwamba sehemu ya hesabu itamwendea mgonjwa hadi tarehe ya kuonana na daktari. Mgonjwa naye anaweza kufanya kazi ya kuketi na kusimama kwa zamu: kuandika daftari la stendi, kuuza muda wa simu, kupokea mizigo ya wateja bila kuinyanyua. Vikundi vya kuweka na kukopeshana huwa na mfuko wa dharura kwa ajili ya msiba. Mgongo uliopasuliwa ni dharura pia.

Mwendeshaji huyo wa muda lazima awe na leseni yake mwenyewe. Hapa tunasema kwa uzito, maana inapotokea baba amelala, pikipiki hukabidhiwa kijana wa miaka 15 "azungushe kidogo tu jioni". Kijana huyo akigonga mtu, bima haitasimama naye, na nyumba iliyokuwa na mgonjwa mmoja itakuwa na mgonjwa, kesi na deni.

Kuhusu askari wenzetu: mwendeshaji akieleza kwa adabu kwamba amepasuliwa mgongo, na akaonyesha karatasi ya hospitali, haimpasi kuamriwa aisukume pikipiki mlimani au aipandishe kwenye stendi peke yake. Aruhusiwe kushuka polepole. Karatasi hiyo, hata hivyo, haichukui nafasi ya leseni, bima wala kofia, na ikiwa inasema "asiendeshe hadi tarehe fulani", basi aliyeionyesha amejishtaki mwenyewe; tutamsaidia kufika nyumbani, lakini si kwa pikipiki hiyo.

Kobero, mahali pa kubadili upande

Burundi huendesha kulia, Tanzania kushoto. Anayetoka Muyinga, akapita Kobero na kuingia Kabanga, hubadilisha upande wa barabara katika mwendo wa dakika chache, tena katikati ya malori marefu yatokayo Dar es Salaam. Waliozoea hufanya bila kufikiri, na hilo ndilo tatizo la anayerudi baada ya miezi ya kulala: mazoea yake yamelegea, na mwili wake umejifunza kuukwepa upande unaouma.

Kwetu, kona ngumu ni ya kushoto, kwa sababu ndiyo inayokata njia ya wanaokuja, na ni bega la kushoto linalotazamwa kabla ya kuikata. Ng'ambo ni kinyume: kona ngumu ni ya kulia na bega ni la kulia. Mtu ambaye upasuaji umemwachia ugumu upande wa kulia anaweza kuendesha Gitega mwezi mzima bila shida, akadhani amepona, kisha akagundua Ngara kwamba hawezi kutazama nyuma anakotakiwa kutazama. Ndiyo maana tumesema mabega yote mawili yapimwe nyumbani. Safari ya kwanza ya kuvuka mpaka ifanywe akiwa abiria wa gari. Ya pili, akiwa na pikipiki, asukumiwe na mwenzake katika eneo la ukaguzi, asimame pembeni baada ya kizuizi cha mwisho, aseme kwa sauti upande atakaoshika, ndipo aondoke. Kusema kwa sauti huchekesha, lakini husaidia.

Bima ya ndani ya nchi moja isidhaniwe kuwa inatosha nchi ya pili. Kadi ya Njano ya COMESA hutambuliwa Burundi na Tanzania pia, na mtu aulize kampuni yake ya bima kama pikipiki yake imeingizwa humo kabla hajafika kizuizini.

Akianguka

Aliyepasuliwa mgongo akianguka, asishikwe mikono na miguu na kupakiwa juu ya pikipiki nyingine katikati ya watu wawili, jambo linalofanywa kila siku kwa nia njema. Alazwe chali alipo, kama hapana hatari ya gari. Mmoja ashike kichwa kisigeuke. Kofia isivuliwe kwa kuvutwa. Akibidi kugeuzwa, watu watatu au wanne wamgeuze kwa pamoja, kichwa, mabega na nyonga vikienda sawasawa kama gogo. Achukuliwe juu ya ubao au mlango. Ingobyi ya kubebea wagonjwa milimani imeokoa wengi, lakini hulegea katikati na kuukunja mgongo. Iwekewe ubao chini yake kwanza.

Na awe na karatasi. Cheti cha hospitali za kwetu huandikwa kwa Kifaransa, na anayempokea katika hospitali ya Murgwanza au zahanati yoyote ya Ngara husoma Kiswahili na Kiingereza. Mgonjwa amwombe muuguzi amwandikie mistari mitano kwa Kiswahili: alipasuliwa lini na hospitali gani, pingili zipi, kama ana vyuma ndani, dawa anazotumia, na dawa zinazomdhuru. Chini yake iwekwe simu ya ndugu mmoja kila upande wa mpaka. Karatasi hiyo itiwe kwenye mfuko wa plastiki na kuwekwa katika mfuko wa kifuani wa koti. Isiwekwe chini ya siti, kwa kuwa baada ya ajali pikipiki hupelekwa kituo cha polisi na mwenyewe hupelekwa hospitali.